Upande wa Mkuki

Nasor, ndugu yangu,

Amani ikufikie huko uliko. Tangu tukuzike, Ibra imekuwa kama mji ninaouona kupitia maji. Asubuhi, baada ya sala, nakaa uani kwako na jua linaingia polepole kati ya mitende. Mara nyingine nasikia nyayo zako mchangani, ule mkwaruzo mdogo kabla hujaleta pigo. Nikigeuka, ni kuti kavu tu linabururwa na upepo.

Binti yako Zuwena amehamia hapa kutoka Sur. Ijumaa moja alikuja, akanambia, "Shikamoo Ami. Nifundishe lile funzo la mkuki. Baba alisema hilo ndilo la mwisho."

Sikumkubalia papo hapo, na wewe unajua kwa nini. Mtindo huu wa upanga uliotoka nao Japani huchezwa na watu wawili, na kila mmoja ana nusu yake. Mmoja hushambulia na kushindwa. Mwenziwe hujibu na kushinda. Desturi ya huko ni kwamba mwalimu ndiye anayeshambulia, na ndiye anayeshindwa. Kwa hiyo miaka yote uliponijia kwa upanga, kisha kwa mkuki, mimi nilijifunza kushinda tu. Nusu ya mkuki umekwenda nayo. Na Zuwena asipoipata kwangu, hapana mwingine wa kumpa.

Unakumbuka siku za mwanzo? Mimi upanga nilijifunza katika razha, ile ngoma yetu ya panga ya arusini, ambako mchezaji hushinda kwa kumgusa mwenziwe kidole gumba, kisha husimama kwa heshima. Basi nikakugusa gumba, nikasimama natabasamu. Ncha ya mkuki wako, uliyoizungushia kitambaa, ikanigota kifuani. "Sheikh, mkuki hauna haja na gumba! Utakufa na adabu zako!" Ukacheka mpaka kofia ikakuanguka. Halafu ukanieleza kwamba mkuki unapenda wewe urudi nyuma, maana huko ndiko urefu wake unakofanya kazi. Salama iko mbele: ingia, ipite ncha, ufuate mpini, mpaka urefu ule uwe mzigo kwa aliyeushika.

Basi Zuwena aliponiomba, nikaushika mkuki wako. Mwepesi kuliko nilivyodhani.

Nilianza kwa kumfundisha Zuwena nusu yangu, kwa sababu jibu huonyesha swali lake: pale upanga unapopita, ndipo mkuki lazima uwe umefika. Kwa njia hiyo nikapata miondoko ya miguu ya nusu yako, nikapata na ya mikono. Lakini kila nilipochoma, Zuwena alijikwaa, Ijumaa baada ya Ijumaa. Nikadhani nimesahau kitu. Nikafumba macho juani nikakutafuta katika ule wekundu wa kope, nikakuona umesimama na mkuki wako.

Mwisho Zuwena akashusha upanga wake wa mti. "Ami, mimi niko hapa. Wewe unauchoma ukuta."

Kweli. Mkono wangu ulikuwa ukimhurumia. Kila mara ncha ilikwenda kando ya bega lake, na mtu hawezi kuupita mkuki ambao haukumjia.

Nikasema Bismillahi, nikamletea katikati ya kifua. Kweli kweli, Nasor, kama adui.

Akaingia. Hatua yake sikuiona. Niliona uso tu unakaribia, una macho yako, hauna hofu, na upanga umetua shingoni mwangu kwa upole kama mkono wa mtu anayekuamsha usingizini. Nje ya ukuta maji ya falaji, mfereji wa mashamba yetu, yalikuwa yakipita.

Basi hivi ndivyo ulivyokuwa ukiniona mimi, kutoka upande huu. Miaka yote ile hukunihurumia hata mara moja. Kila siku ulinielekezea ncha pale pale moyo ulipo, na kila siku ulikuwa radhi nikushinde. Laiti ningekushukuru ungali hai...

Pumzika, ndugu yangu. Mola akupanulie nafasi, akutilie nuru. Nakuahidi mwanao nitamjia kwa ncha iliyonyooka, sitaipeleka kando tena. Nitashindwa naye maadamu magoti yananibeba, mpaka naye ampate mwanafunzi wake, ashindwe kwa ajili yake.

Wako,
Seif