Jina Langu Kwenye Kadi ya Akiba

Jumatatu, 3 Februari 1997
Wewe mwanamke, umepotelea wapi? Tangu Krismasi hujagusa hili daftari. Mwalimu wa ngumbaru, anayetufundisha sisi wazee kuandika, alisema andika kila siku. Mvivu.

Nimechuma majani ya chai mpaka saa nne. Nimefika nyumbani, nikakuta barua ya chama cha akiba. Ya Kiingereza. Binti yangu Chelangat ameisoma: akaunti imesimamishwa, sahihi hailingani. Basi.

Wiki jana nilienda ofisini kwao Sotik kuomba pesa zangu za mabati ya nyumba ya Chelangat. Mara ya kwanza maishani sikuweka kidole. Niliandika jina. Nilirudi nimejaa maringo. Kumbe!

Jumanne, 4 Februari
Wamekula. Najua wamekula. Nyasi za nyumba ya Chelangat zimeoza, ni mjane, ana watoto watatu, na mwezi ujao ni mvua. Jirani anasema hata benki za Nairobi zinafungwa. Nikipata pesa zangu natoa zote. Zitakaa kwa debe, chini ya kitanda.

Alhamisi, 6 Februari
Sotik. Nilipiga kelele pale kaunta, watu wakacheka. Karani Akinyi, msichana wa kutoka kule ziwani, akatoka nyuma ya wavu, akaketi na mimi kwa benchi.

"Kogo, pesa yako iko. Yote."

Ameniita nyanya kwa Kikipsigis! Vibaya, lakini ameniita.

Akaeleza polepole. Kadi yangu ina kidole, karatasi ya kuomba pesa ikaja na jina. Wangejuaje si mwizi? Ndiyo maana wakazuia. Akasema barua ile ilikuwa mbaya, na kosa ni lao. Kisha akaniambia nimrudishie maneno kwa njia yangu, aone kama nimeshika. Nilikuwa nimeshika.

Tukatengeneza kadi mpya, jina na kidole. Kidole kilikataa mara tatu, chai imekifuta mistari. Jina nililiandika taratibu. Mtu wa foleni akanung'unika.

"Ngoja, mzee," Akinyi akamwambia. "Leo ni yeye, kesho ni wewe."

Barua zijazo zitakuja kwa Kiswahili, herufi kubwa. Ameandika hivyo kwa faili, nikiangalia.

Nimetoa za mabati tu. Zingine nimeziacha palepale.

Jumapili, 9 Februari
Fundi alimaliza kuezeka mabati jana. Kanisani nimemwombea yule msichana, kwa jina lake. Nimechoka vizuri.

Ukirudi kwa daftari hili usianze na habari za majani. Subiri mvua, nenda uketi ndani kwa Chelangat, halafu andika kama kuna tone limeingia.