Kiuno Kimepungua, Watu Wananong'ona

Mshauri, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Lipangalala, mama wa watoto watatu, nakuandikia kwa sababu nyumbani hakukaliki. Mwaka jana kichwa kilinisumbua sana, nikaenda hospitali, nesi akasema presha iko juu, akanionyesha tumbo langu akasema, "Mama, mafuta yamejaa hapa, yapunguze," basi nikaacha maandazi na soda, nikawa naenda shambani kwa baiskeli, kichwa kikatulia, na futi yangu ya kupimia nguo ikaonyesha kiuno kimetoka inchi arobaini na moja hadi thelathini na saba, nikafurahi, kumbe na uso umepungua na watu wameshaanza kusema nina ukimwi.

Siku ya kipaimara cha mtoto wa shemeji nilishika upawa nipakue wali, wifi yangu Paskazia, aliyetoka Idete, akaninyang'anya mbele za watu, "Wifi, kaa tu, wengine watapakua." Mume wangu Fridolin alisikia akanyamaza, lakini tulipofika nyumbani akaniambia, "Digna, nenepa. Sitaki maneno." Tangu hapo ananiletea soda na vitumbua na kukaa hapo mpaka nimalize, nami nakula ili kuwe na amani, na kichwa kimeanza tena. Nimejipima kwenye mzani wa mashine ya mpunga, nimepungua kilo nne tu, sasa sielewi, ni mafuta yametoka au ni mwili unaisha? Nifanyeje?

Digna, Ifakara

JIBU

Marahaba, Digna. Pole kwa upawa ule. Wifi yako alikukosea, na mumeo alikosea zaidi kwa kunyamaza. Lakini na wewe, mwanangu, unakunywa soda hali kichwa kinagonga, ili majirani wakuone mnene? Acha leo.

Mzani wa mpunga hautakujibu. Unapima nyama, mifupa, maji na mafuta kwa pamoja. Baiskeli imekukaza miguu na kukuongezea nyama, kwa hiyo uzito umeshuka kidogo wakati tumbo limeshuka sana. Futi yako inafaa zaidi. Simama, shusha pumzi, zungusha futi usawa wa kitovu juu ya ngozi bila kubana, kisha pima makalio panapotokeza zaidi. Kiuno kikikaribia makalio, mafuta bado ni mengi tumboni. Kwa inchi thelathini na saba, safari bado. Bana pia ngozi nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, uone inavyopungua unene. Pima asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa mwezi, siyo kila ukipita karibu na cherehani.

Ila futi haipimi ukimwi. Mnene anaweza kuwa nao na mwembamba asiwe nao. Mwili unaopungua kwa kuacha maandazi, sababu yake inajulikana. Ungekuwa unaharisha, una homa au unapungua huku unakula sawasawa, ningekuambia ukimbie hospitali.

Mwambie Fridolin maneno haya: "Nesi aliniambia nipungue. Twende wote akuambie mwenyewe." Mpimwe presha, na kama hofu ya ugonjwa ipo, mpime damu wote wawili, siyo wewe peke yako. Akikataa kwenda, nenda. Akileta vitumbua, wape watoto.

Paskazia huna haja ya kumwonyesha cheti cha vipimo. Sherehe ijayo, shika upawa, pakua.