Mashine Haikunificha Kitu

Jumatatu, 4 Mei
Mionzi ya saratani tena. Kulala, kuinua mkono juu ya kichwa, kutotikisika. Titi la kushoto, upande wa moyo. Mashine hujipima yenyewe: husoma miale inayotokea upande wa pili wa mwili na kuilinganisha na mpango wa daktari. Naipenda kwa hilo. Leo daktari alizungumza kwa kirefu. Binti yangu Neema akanitafsiria kwa maneno mawili: hakuna shida.

Jumatano, 6 Mei
Wamenipiga picha upya. Neema anasema ni kawaida. Jioni nikamuuliza tena. Akajibu kwa Kiingereza, akiosha vyombo, kanipa mgongo. Tangu utotoni, tulipohamia nchi hii, akikwepa jambo hukimbilia Kiingereza.

Ijumaa, 8 Mei
Neema yuko kazini. Hospitali imenipa mkalimani wa simu, Mtanzania, mwenye adabu. Muuguzi aliuliza kama bado nina hofu juu ya mpango mpya. Mpango gani? Mkalimani akamuuliza muuguzi, kisha akanitafsiria.

"Mama, hili uliambiwa Jumatatu. Titi limevimba. Mashine imeona mionzi haipiti tena kama ilivyopangwa. Wameandika kwamba ulielewa, ukakubali."

Aliyekubali ni Neema.

Nina hasira. Najua desturi: kwetu mgonjwa haambiwi, huambiwa ndugu. Lakini nilifundisha fizikia Bukavu. Miale naijua. Na huyu Neema nilivuka mpaka wa nchi nimembeba mgongoni.

Jumapili, 10 Mei
Sikukuu ya akina mama. Kanisani kila mama alipewa ua. Mama Riziki, muumini mwenzangu, alinikumbatia mno, akasema Mungu ataunyoosha mpango mpya. Kumbe waliliombea titi langu tangu Alhamisi. Bila mimi.

Nyumbani nikamkabili Neema. Safari hii alijibu kwa Kiswahili.

"Mama, sikutaka uogope."

"Umewaambia wote isipokuwa mwenye mwili."

Akalia. Sikumbembeleza. Ua nimeliacha mezani bila maji.

Jumanne, 12 Mei
Mpango mpya umeanza. Neema aliomba ruhusa kazini, akaja. Nilitaka mkalimani wa simu, mbele yake. Mashine imepima: mionzi inapita inavyotakiwa. Neema alishika koti langu.

Kwenye treni akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, miale inapenyaje mwili ikatokea upande wa pili. Sijamsamehe. Nilimweleza hadi kituo chetu, Merrylands.