Dawa Iliyobaki Kazini

Jumatatu, 22 Machi 1993

Leo saa nne hatukula. Kwa kawaida saa nne atelye nzima, karakana yetu, inasimama kidogo, tunakata mkate kwa ajili ya Mulumba. Ana ugonjwa wa sukari, akikaa na njaa anatetemeka. Shefu hakupenda kuona mtu mmoja akila kazini. Basi tukala wote! Angefukuza nani? Leo mashine yake imenyamaza. Jana vijana wanaofukuza watu wa Kasai walimtoa nyumbani kwake mtaani Manika, yeye na mkewe Ngalula, eti warudi kwao Kasai. Mulumba amezaliwa hapa hapa Kolwezi. Kasai yenyewe hajaiona hata kwa picha. Mkate nimerudi nao nyumbani.

Jumanne, 23 Machi

Gare imejaa waliofukuzwa mpaka kwenye reli. Treni hakuna. Wamelala chini, mvua inawanyeshea. Mulumba nimemkuta karibu na ukuta, midomo imekauka, anaomba maji tu. Nikampa vipande vya sukari haraka haraka, kama tulivyozoea kazini. Ngalula akanishukuru sana. Nimerudi nikijisifu.

Jumatano, 24 Machi

Mpumbavu mimi! Leo nilimpelekea sukari tena, akausukuma mkono wangu.

«Sukari iko mingi mu damu, Mukaz. Shindano ya dawa ndiyo inakosa. Dawa yote ilibakia mu frigo ya kazi.»

Nyumbani kwake hakuna friji. Ndiyo maana dawa ilikaa kwetu kazini, na asubuhi na jioni alijichoma pale pale. Hata Jumapili walinzi walimfungulia geti. Na mimi nimemjaza sukari mtu asiye na dawa! Muuguzi wa kampuni angejua la kufanya, lakini naye ni wa Kasai, ameshaondoka na treni ya kwanza. Nikaenda kwa shefu. Bila kunitazama akasema vitu vya waliofukuzwa havimhusu, nisimtafutie matata. Nilitamani kumpiga kofi. Sikumpiga.

Alhamisi, 25 Machi

Dawa nimeitoa kazini! Niliificha ndani ya gamela yangu ya chakula, chini ya ugali wa bukari. Mlinzi alifunua, akanusa, akafunika.

Nimefika gare nimechelewa. Mulumba haongei tena. Anapumua kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima, na mdomo wake unanuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Kanku, mdogo wake Ngalula, amekimbia kutafuta daktari kati ya watu hawa wote. Hajarudi. Naandika nimekaa juu ya gunia lao, nikimngoja.

Chupa ninayo. Sindano ninayo. Nivute kiasi gani? Ikizidi itamuua. Ngalula hajui, hajawahi kumwona akijichoma. Na sisi wa kazini? Sisi tulimheshimu mno! Akianza kufungua vifungo vya shati, wote tunageukia ukutani. Miaka yote hiyo, hakuna aliyechungulia hata mara moja. Najua rangi ya ule ukuta, basi.

Watu wanasimama, wanajitwika mizigo. Wanasema treni imeonekana. Kanku bado. Naogopa. Ngalula amefunua tumbo la mumewe, amelipangusa kwa kitambaa chake cha kichwa.

«Tata Mukaz, mulikuwaka naye kila siku. Weye unajua. Mupige shindano.»

Nimevuta dawa kidogo. Nimeirudisha. Nimevuta tena —