Kapita Amepita Tena

Jumatatu, 4 Machi 1957

Tena. Kiatu cha kulia, hatua mbili tu kutoka mlangoni. Mvua ilinyesha alfajiri, mavi na matope vikawa rangi moja. Mara ya tatu tangu wiki iliyopita. Nimekwangua kwa kijiti, nimesugua kwa mchanga, nimemwaga maji. Harufu imebaki kwenye mishono.

Viatu hivi nilivinunua Usumbura kwa ajili ya kazi ya posta. Ngozi nyeusi, kisigino kinalia sakafuni. Leo hakuna aliyesikiliza kisigino. Mama mmoja wa Nyakabere aliyekuja kutuma barua alirudi nyuma hatua mbili, akaninyooshea bahasha kwa ncha za vidole. Muzungu wangu, mkuu wa posta, alifungua dirisha. Kisha la pili. Kisha akachungulia chini ya meza yake mwenyewe. Mimi nikaendelea kugonga mihuri kama mtu asiye na pua.

Mwenye mavi namjua. Kapita, mbwa wa jirani yangu Leoni, seremala. Mwekundu, sikio moja limelala. Mbwa wote wa hapa Kasenga ni wembamba. Huyu ananenepa.

Jumanne, 5 Machi

Leo salama.

Mama mkwe ana siku kumi na mbili hapa. Ameshuka kutoka Mulenge, milimani, kumsaidia mke wangu Yuliana na mtoto, mzaliwa wetu wa kwanza. Mimi na yeye hatutazamani usoni, ndiyo heshima. Kabla ya kuingia ndani nakohoa. Tunasalimiana mlango ukiwa katikati. Basi mimi naongea naye kwa samaki. Leo mukeke wawili wakubwa wa ziwani, bado wanateleza. Sahani imerudi nyeupe, hata mfupa hakuna. Nimefurahi mno. Nadhani huko juu hakuna mkwe anayelisha kama mimi.

Yuliana anasema mama yake anakonda. Tena anataka kurudi Mulenge mapema, kabla ya ubatizo. Sielewi. Nitaongeza samaki.

Jumatano ya Majivu, 6 Machi

Aibu. Nilikanyaga nikienda misa na sikujua. Nilijua nilipopiga magoti. Mtu akipiga magoti, nyayo zake zinawatazama walio nyuma. Nyuma yangu ilikuwa kwaya. Sauti za juu zilikatika moja moja, mwisho wakabaki wanaume wawili wenye mafua.

Sitaki kuandika zaidi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kwa Leoni, kwa upole. Alikuwa anapiga randa.

"Leoni, imbwa yako inanimaliza."

"Imbwa yangu? Usiku iko inalala humu, mlango umefungwa."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi naifungua, inatembea. Imbwa si meza." Akapuliza vumbi la mbao. "Hata bugali yangu haikuli tena. Wiki mbili hivi. Minye nilizani iko mugonjwa."

"Mugonjwa na tumbo lile?"

Alicheka. Sikucheka. Leoni ndiye baba wa ubatizo wa mtoto wetu, tarehe 24. Tulifika Kasenga mwaka mmoja, tukajenga nyumba bega kwa bega. Kitanda ninacholalia alikitengeneza yeye. Kwa hiyo nimejizuia. Lakini nimeondoka bila kuaga.

Jumamosi, 9 Machi

Nilipata akili. Nitoke miguu mitupu, viatu mkononi, nivivae nikifika barabarani.

Nimekanyaga kwa mguu mtupu. Kati ya vidole. Yalikuwa bado ya moto.

Viatu viko safi kabisa.

Jumapili, 10 Machi

Nimefanya vibaya. Baada ya misa Leoni alinijia mbele ya watu, akanikonyeza, akauliza habari za nyayo. Watu wakacheka. Kwaya ikacheka zaidi. Damu ikanipanda. Nikasema kwa sauti kwamba mtu anayeshindwa kulinda mbwa wake hawezi kulinda mtoto wangu mbele ya Mungu.

Kicheko kikakoma. Leoni akavaa kofia yake akaenda zake peke yake.

Yuliana hajanisemesha tangu mchana. Mtoto naye amelia sana, kana kwamba wamepatana.

Jumanne, 12 Machi

Leoni amepita na mbao begani, hajageuza kichwa. Jioni alimwambia Yuliana kwenye ua tumtafute mtu mwingine wa kumshika mtoto. Zimebaki siku kumi na mbili.

Yuliana amesema neno moja tu, mgongo wake ukiwa kwangu:

"Weye umepoteza ndugu kwa sababu ya kiatu."

Nina hasira kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 14 Machi

Mavi mawili. Nimeyaruka yote. Hakuna wa kumsimulia.

Mama mkwe ameanza kufunga mzigo wake. Nimenunua samaki mkubwa, sangala mnono kuliko wote sokoni. Sahani nyeupe.

Jumamosi, 16 Machi

Lazima niandike haya taratibu.

Nilitaka kumfuma Kapita nimpeleke kwa Leoni na ushahidi. Baada ya chakula cha mchana nikajificha nyuma ya ua wa choo, fimbo mkononi. Kapita akaja, lakini hakuja kama mwizi. Alikuja kama mgeni aliyealikwa. Akakaa mbele ya mlango wa jikoni, mkia unafagia chini.

Mlango ukafunguka. Mama mkwe. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Mkononi ana sahani, juu yake sangala wangu wa leo, mzima, hajaguswa. Akamwekea mbwa chini polepole, kama mtu anayemwekea padri.

Nikaganda. Siwezi kutoka. Mkwe aliyejificha chooni akimchungulia mama wa mke wake! Afadhali nife.

Naye hakurudi ndani. Alikaa kizingitini, akamkuna Kapita sikio lililolala, akaanza kuongea naye kwa lugha ya kwao. Naielewa.

"Kula, mwanangu. Mkwe wangu ana moyo mzuri, kila siku ananiletea. Nitamwambiaje? Kwetu tunakula maziwa na maharagi. Huyu samaki nikimweka mdomoni, ananitazama. Ngoja nirudi nyumbani kabla hajajua, nisimtie huzuni."

Kapita alimaliza kichwa, mkia, mifupa. Mama akafuta sahani kwa jani la mgomba akaingia ndani. Kapita akajinyoosha, akazunguka nyumba hadi mbele, karibu na mlango wangu, akafanya kazi yake. Nikaona kwa macho yangu. Chakula changu kinaingia kwa nyuma na kunisubiri kwa mbele.

Nikarudi nyuma hatua moja nipumue. Nikakanyaga ya jana.

Jumapili, 17 Machi

Asubuhi mapema nilimwambia Yuliana. Kwanza alicheka hadi akaangukia mto wa kitandani. Kisha akashika mdomo. Mama yake kwa wiki tatu amekula viazi vya pembeni tu, katika nyumba ya mkwe mwenye kazi ya posta. Yuliana mwenyewe alizoea samaki alipokuwa akisoma kwa masista, akasahau ya kwao. Mimi sikuwahi kuuliza. Naona haya.

Baada ya misa nilimsimamisha Leoni pale pale, mbele ya watu wale wale. Nikasema nilikosa, kosa linatoka nyumbani kwangu. Watu wakataka kujua kosa gani. Nikasema basi, inatosha. Jina la mama mkwe halitatajwa kanisani.

Leoni aligeuza kofia mikononi. Akasema tutembee. Huko njiani, peke yetu, nikamweleza yote, hata choo.

Akasimama. Akashika nguzo ya ua wa nyumba ya watu asianguke.

"Kumbe! Minye naendelea na ndagala yangu, tusamaki tudogo, imbwa yangu iko inakula sangala ya kalani!"

Machozi yalimtoka. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu Kwaresima ianze. Alipotulia akasema, bila mzaha: "Mutoto nitamushika. Lakini usiniseme tena vile mbele ya batu."

Nikamwambia sitarudia.

Jumanne, 19 Machi

Leoni alipeleka milango Nyakabere. Amerudi na maharagi kwenye baiskeli, na kibuyu cha maziwa kimefungwa kwa kamba za atelye yake ya useremala. Mimi sikumwomba.

Tatizo sasa: nitabadilishaje chakula bila mama kujua kwamba najua? Nimekohoa, nimesimama mlangoni, nimemwambia Yuliana kwa sauti ya kutangaza kwamba ziwa limechafuka, wavuvi hawaendi, samaki hakuna, tuvumilie.

Nje jua kali. Ziwa limelala kama shuka.

Upande wa pili kijiko kikagonga sufuria. Kisha sauti ya mama, taratibu: "Pole, mukwe wangu. Tutavumilia."

Amekula sahani mbili. Ameomba maziwa tena.

Alhamisi, 21 Machi

Kapita amekaa mlango wa jikoni mchana kutwa, hapati kitu. Amenitazama kama mimi ndiye mwizi. Leoni anasema amerudia bugali, kwa kununa.

Njia safi siku mbili.

Mama mkwe ameuliza kupitia mlango: "Ziwa bado limechafuka?"

"Bado sana, mama."

"Ahaa." Nikamsikia anacheka kidogo, sauti imezibwa na kitambaa. Anajua. Najua kwamba anajua. Tumeishia hapo, na ni vizuri hivyo.

Jumapili, 24 Machi

Mtoto amebatizwa. Yohana. Leoni alimshika kama ubao wa thamani, mikono imenyooka, hapumui. Mtoto hakulia. Leoni ndiye aliyelia.

Wageni wameondoka. Kuna mvua ndogo juu ya mabati. Leoni amesinzia kwenye kiti, kofia juu ya goti. Yuliana ananyonyesha.

Muda mfupi uliopita alikuja kuniambia kwamba mama yake amefungua mzigo wake, amerudisha nguo kwenye kamba ya ukutani. Anauliza kama anaweza kukaa hadi Yohana atakapoweza kuketi mwenyewe.

Nimesema akae. Nimesema kwa sauti, asikie.