Leso ya Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Aprili 1971
Zoezi la ukuta tena, mlango nimefunga. Vidole vinapanda kama mjusi, bega linawaka. Sista wa hospitali alinionya baada ya upasuaji: titi limekwenda, usiuache mkono ulifuate. Natia alama ya makaa pale vidole vilipofika. Leo viko chini ya alama ya jana. Nimelia.

Jumatano, 14 Aprili
Mama mkwe amefika hapa Nyamasaria kutoka Usenge, na debe la omena, dagaa wa ziwani. Amenikuta nikinyoosha mkono, akaufunga kifuani kwa leso yake. "Nyathina, mtoto wangu, wacha mkono ilale. Ugonjwa ikichokozwa inatembea." Anapika, anateka maji, ananilisha. Ananipenda, ndiyo shida. Nashukuru huku nimekasirika.

Jumapili, 2 Mei
Vidole vimevimba. Nilijaribu kufunga kitambaa kichwani, mkono ukagoma sikioni. Mtu mzima, na kitambaa nafungwa. Akienda bombani nafungua leso, napanda ukuta. Akirudi nimeshajifunga. Mwizi wa mkono wangu mwenyewe.

Ijumaa, 7 Mei
Amenifumania. Sikungoja aseme, nilimfokea: ungekuwa wewe, ungekubali kufungwa?

Akakaa kitandani, akafungua blauzi. Kifua chote kimezungushiwa leso, imekazwa. Chini yake uvimbe mgumu, ngozi imepasuka. Yuko nao tangu mavuno ya mwaka juzi. Hakumwambia hata mwanawe, mume wangu.

"Nimeifunga isitembee."

Dawa aliyonipa ndiyo aliyojipa. Nami nimempigia kelele. Kesho hospitali, atake asitake.

Jumanne, 20 Julai
Daktari alisema tumechelewa. Tumemrudisha kwake Usenge, nami nipo naye. Sasa mimi ndiye napika. Ukuta wake ni wa udongo, unaniachia vumbi vidoleni. Analala akinitazama nikipanda. Leso hanifungi tena. Jana, kwa sauti ndogo: "Panda, mama. Bado kidogo tu."

Sitaki afe. Naandika hivyo hivyo. Sitaki.

Jumapili, 15 Agosti
Tulimzika jana.

Wanawake waliniita tumwoshe. Leso ya kifuani niliifungua mimi, wengine walisita. Kisha gauni. Lilitaka mtu wa kuinua mikono yake juu na kuishikilia. Nikaishika. Yake na yangu, ikapanda pamoja, ikapita sikio, ikapita kichwa. Nilisubiri maumivu. Hayakuja.

Leso nimeifua. Iko kambani, bado haijakauka.