Nikangoja Mwito wa Tatu

Woodbridge, Virginia
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla ya yote naulizia goti lako. Ile dawa ya kuchua niliyompa mtoto wa Bi Zaina aje nayo imefika? Unaitumia, au umeitia kabatini pamoja na zile nyingine unazozitunza kama vyombo vya wageni? Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako Zuwena amerefuka, ananipita bega, na bado nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Mimi mwenyewe nina mafua ya siku tatu, sauti imekuwa nzito hata nikisema najishtukia. Hayo tu, alhamdulillahi.

Utajiuliza barua ya nini na simu ipo. Mama, simu yako unaiweka sauti ya juu, sijamaliza kukuamkia jirani wa nyumba ya tatu ameshajua nimekula nini. Hili siwezi kulisema mbele za watu. Nataka mdogo wangu Mwajuma akusomee, ninyi wawili tu, mlango mmeufunga, na Mwajuma asicheke.

Kazi yangu unaijua, ni uwanja wa ndege. Najua pia umewaambia watu hapo Pangani kwamba narusha ndege, na nimekukataza mara ngapi. Mimi nafagia. Theluji ikianguka, ndege haiwezi kutua juu ya barafu, itateleza kama mtu aliyekanyaga sabuni bafuni. Basi tunatoka na magari makubwa, mbele yana bamba la kusukumia theluji na nyuma brashi za chuma, tunajipanga mshazari kwenye njia ya kurukia, na kila dereva anafuata taa za aliye mbele yake. Langu ni namba saba. Kwenye redio hakuna jina la mtu. Wewe ni namba ya gari lako, unasema Kiingereza, maneno machache, umemaliza.

Yupo mzee mmoja Mkongo, wa Bukavu, Papa Fideli. Yeye anaendesha gari dogo la kupima utelezi. Anakwenda peke yake, anakanyaga breki, mashine inasoma barafu imekaaje, ndipo wakubwa waamue ndege zishuke au zisubiri. Pale kazini ni mimi na yeye tu wenye Kiswahili, na Kiswahili chake nacho, weeh, mwanzoni nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Ananiita Mama Saba kwa sababu ya gari langu. Jina langu hasa hakuwahi kulitamka hata siku moja. Mkewe akipika maharage ananiletea kwenye kopo la siagi, na nisipolirudisha kopo ananidai.

Sasa sikiliza. Ilikuwa asubuhi, saa tatu na kitu, usije ukadhani nilikuwa na usingizi. Theluji ilikuwa inakuja kwa ubavu. Chini kweupe, juu kweupe, na pale katikati huoni mpaka. Nilikuwa nimezikazia macho taa za namba sita, mara zipo, mara hazipo. Ukikaa humo kwa muda mwili unasahau kama gari linakwenda au limesimama. Nilikanyaga breki mara mbili, kumbe gari limesimama zamani. Na kimya chake, Mama! Injini ya gari lile inatikisa nyumba, lakini siku hiyo nilikuwa naisikia kama iko kwa jirani. Kutoka mnarani wakatuamuru kila mtu asimame alipo, asitoke nje, mpaka upepo utulie. Kutoka nje ni marufuku kabisa, maana ukienda hatua kumi gari lako hulioni tena, na hakuna wa kukuona wewe. Taa za namba sita zikapotea. Nikabaki peke yangu ndani ya ule weupe.

Ndipo nikaitwa. "Mwanaidi."

Si namba saba, si Mama Saba. Jina langu zima, polepole, kwa sauti nyembamba iliyokuwa ikikwaruza redioni. Huku hakuna anayeniita hivyo. Ni wewe tu uliyekuwa ukiniita hivyo nikichelewa kurudi kutoka chuo cha Kurani. Nywele zilinisimama, wallahi. Na unakumbuka ulichonifundisha. Ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Ngoja. Akiwa binadamu ataita mpaka mara ya tatu, hao wengine tatu hawafiki. Mama, nimesoma, nimevuka nchi, nina leseni ya magari mazito, na bado mkono wangu uliruka wenyewe kutoka kwenye kitufe cha redio. Niliukalia kabisa, nikaanza kusoma Kul-audhu.

Ikaja ya pili. "Mwanaidi." Baada ya jina kulikuwa na maneno, lakini yalikuwa mikwaruzo mitupu. Nikasema moyoni, mbili hizo. Nikangoja mwito wa tatu. Haukuja.

Upepo ulipotulia tukahesabiana, na lile gari dogo halikuwepo. Tulilikuta mwisho kabisa wa uwanja, limeteleza likatumbukia kwa pua kwenye mfereji, limevunja barafu, na maji yamemfika Papa Fideli vifundoni. Paji la uso lilikuwa limepasuka kwa kugonga usukani. Alikuwa amekaa wima kitini, mikono ameibana katikati ya magoti, macho wazi. Mzima, lakini baridi ilikuwa imeshamla miguu, na hospitali wakamkata vidole viwili. Nilipoliona jina langu kwenye beji kifuani mwangu, jina analoliona yeye kila siku, nikajua ni nani aliyeniita. Nililia palepale, na watu wakadhani ni huruma.

Kumbe maneno yote ya redio hurekodiwa. Bosi wetu, Mmarekani mmoja mtaratibu, akaniita ofisini, kwa sababu kulikuwa na lugha asiyoijua. Wenzangu waliisikia siku ile, wakafikiri mimi na Papa tunapiga soga. Kule kugonga kichwa kulimtoa Kiingereza chote, kukamwachia Kiswahili. Kwa hiyo kati ya watu wote uwanjani nilikuwa mimi peke yangu wa kumwelewa. Na sasa nilikuwa mimi peke yangu wa kuwatafsiria. Ningeweza kusema lolote, Mama. Chumba kizima hakuna ambaye angejua.

Bosi akabonyeza, ikaanza sauti ya Papa. Mwanaidi. Kimya. Mwanaidi, niko nazama huku, uko nasikia? Kimya tena, kirefu. Nikadhani imekwisha, nikaanza kuinuka, lakini bosi akanipa ishara nikae. Halafu Papa Fideli akasema taratibu, kama mtu anayezungumza na aliye karibu yake, "Ndiyo, mama. Nimesikia. Sitoki. Niko nangoja."

Nikatafsiri yote kama yalivyo, na bosi akaniuliza hapo anamjibu nani. Nikamwambia, ananijibu mimi. Akaniuliza kama nilisema naye. Nikamwambia hapana. Akaniuliza, "Lakini ulimsikia?" Nilifikiria kodi ya nyumba, nilimfikiria Zuwena. Nikamwambia nilimsikia mara mbili, sikujibu, niliogopa. Hilo la mara ya tatu ningelieleza vipi kwa Kiingereza? Hakunifokea. Alinyoosha mkono, nikampa funguo za namba saba. Sasa niko stoo, najaza mchanga kwenye mapipa, mpaka wakubwa wakae waamue.

Papa Fideli nilimkwepa. Alipotoka hospitali nilikaa wiki mbili bila kwenda, mpaka nikaona haya. Wanakaa Gaithersburg, mbali kidogo na kwetu. Mkewe, Mama Esperansi, alinikumbatia mlangoni akakataa kuniachia, eti mimi ndiye niliyemrudishia mume. Nilitamani ardhi ipasuke. Akanikalisha, akapika, akaketi na mguu wa mumewe mapajani mwake, akiigeuzageuza bandeji.

Papa akanihadithia. Alikuwa ameshafungua mlango na kutoa mguu mmoja. Aliona taa, akadhani ni jengo la abiria, akasema nitatembea. Akaniita kwa mara ya mwisho kabla ya kushuka. Mara ngapi uliniita, nikamuuliza. Tatu, akasema, na ile ya tatu ndipo ukanijibu. Mama, kwenye ile rekodi ziko mbili. Nimezisikia kwa masikio yangu, na bosi alizirudia.

"Ulisema, 'Abee. Usitoke, kaa ndani ya gari, nakuja,'" akaniambia. "Sasa niambie, abee ni kitu gani?"

 Kwao Bukavu neno hilo hawana. Mimi sijawahi kulitamka kazini, nani ataniita Marekani niitike abee? Naye anacheka tu, anasema sauti yangu ilikuwa nzito kama ya mtu mwenye mafua, na nyuma yake birika linapiga filimbi, akajiuliza huyu mama anapika chai ndani ya gari? Siku ile sikuwa na mafua. Na kwenye namba saba hakuna hata pa kuweka kikombe.

Nilitaka kumwambia ukweli, neno likafika mdomoni. Nikamtazama mkewe ameushika ule mguu. Nikasema tu kwamba kwetu mwanamke akiitwa ndivyo anavyoitika. Akasema, basi uliitika vizuri. Nikanywa chai yao, nikaondoka, na sikumwambia.

Ndiyo maana nakuandikia. Sikulaumu, Mama, ulinifundisha kwa mapenzi na wewe ulifundishwa hivyo hivyo. Lakini ningeitika mara ya kwanza, mzee wa watu angekuwa na vidole vyake. Hilo silali nalo. Na hili la pili linanitisha zaidi, ni nani aliyeitika kwa jina langu? Niambie nimfungulie Papa moyo au ninyamaze. Wewe niambie, usiende kwa yule mganga wa ng'ambo ya mto, nakujua.

Msalimie Mwajuma na mumewe. Msalimie kaka Athumani, mwambie viatu vya kazi nimevipata, namba yake. Msalimie shangazi Mwanahawa na kifua chake, na mwalimu wangu wa chuoni kama bado ananikumbuka. Zuwena anakupa shikamoo, na hiyo ameisema kwa Kiswahili, nilimsimamia. Niombee dua ile ya safari, ingawa nimeshafika zamani.

Mimi mwanao,
Mwanaidi

Mama, nilikuwa nimeshaiweka barua kwenye bahasha. Nimeitoa tena, uniwie radhi kwa mwandiko.

Nilikwenda jikoni kuchemsha maji ya tangawizi kwa ajili ya haya mafua. Mchana kweupe, jua linawaka, theluji yote imeyeyuka, dirisha liko wazi. Zuwena yuko juu chumbani kwake. Birika langu ni lile la filimbi, likaanza kulia, na nilipoinua mkono nilizime jiko nikaitwa.

"Mwanaidi."

Nyuma yangu, karibu, kwa sauti ya Papa Fideli, nyembamba, inakwaruza. Mara moja tu. Hakukuwa na mtu. Wala sikungoja, Mama, wala sikuhesabu, kwa sababu hesabu niliijua, huo ndio ulikuwa wa tatu. Mdomo ulifunguka wenyewe, na kwa sauti hii nzito ya mafua nikasema kwa nguvu kuzidi birika, "Abee! Usitoke, kaa ndani ya gari, nakuja."

Nikazima jiko. Zuwena akapaza sauti kutoka juu, kwa Kiingereza chake, akauliza naongea na nani.

Nikamwambia naongea na mtu wa kazini, amekwama, ananingoja.